Zima Friji, Tunarekodi

Mwanamke hapigi pasi gauni moja mara tatu bila sababu. Ama anakwenda harusini, ama kuna watu wanakuja kumpiga picha. Asubuhi ile Bi Karibu alilipiga pasi gauni lake la bluu mara tatu, na harusi haikuwepo.

"Wanaanza na mimi au na wewe?" alimuuliza mumewe, aliyekuwa mbele ya kioo akihangaika na tai.

"Leo hawaanzi na mtu. Leo wanachukua chumba tu."

"Chumba kitupu?"

"Mandhari, mama. Zamu yako itakuja. Historia haikimbii."

Bi Karibu akachomoa pasi, akalitundika gauni mlangoni, akavaa lile la kila siku. Hakununa. Alikuwa amemwamini mtu huyu tangu ujana wake, na imani ikishazoeleka haisumbuki kuuliza maswali.

Mumewe watu walimwita Mkurugenzi. Jina hilo yeye mkewe ndiye aliyempa, kwa utani, enzi ambazo ofisi nzima ilikuwa kitanda kimoja, kamera ya mtumba na baiskeli. Utani ukaota mizizi, na sasa uliandikwa kwenye mlango wa ofisi kwa herufi za shaba. Jina la Bi Karibu lilitoka kwa wageni. Kituo chao cha televisheni kilikuwa kidogo, hakikushikika majumbani, kilionekana vyumbani mwa hoteli tu. Mgeni akifika, akitupa begi kitandani na kuwasha televisheni, anamkuta mwanamke amekaa mbele ya pazia la maua, anamwambia: "Karibu mgeni wetu. Umefika. Vua viatu, kaa, tukuonyeshe kwetu." Alisema hivyo kwa lugha yake, kisha kwa lugha za wageni, alizojifunza kwa masikio. Baadaye anawaambia kama mvua itanyesha, wapi wataoga bila kuchukuliwa na maji, dereva gani hatawazungusha. Wageni wakikutana naye sokoni walimshika mkono kama shangazi yao.

Kisha meneja mmoja wa hoteli akasema watu siku hizi wanataka sura changa. Mkurugenzi akamwambia mkewe apumzike kidogo. Miaka ikapita, na mpaka asubuhi ile ya pasi alikuwa bado anapumzika.

Sasa kituo kilikuwa kinanunuliwa. Mnunuzi alikuwa mama mmoja mfanyabiashara kutoka mji wa mbali, naye alitaka kwanza itengenezwe filamu ya historia ya kituo, ionyeshwe ukumbini mbele ya wakubwa, kisha iwekwe vyumbani wageni waione. Alichokitaka Bi Karibu katika filamu hiyo si kikubwa. Hakutaka cheo wala sanamu. Alitaka isemwe kwamba kituo kile kilizaliwa na watu wawili, na mmoja wao ni yeye. Basi. Kwa hilo alikuwa tayari kusubiri zamu yake.

Wapiga picha walikuja kabla ya saa nne, na taa na nyaya zao zikajaa ukumbi mzima wa nyumba. Mwongozaji wao alikuwa mwanamume mpole, mwenye kofia ambayo hakuivua hata ndani. Alikuja pia mwigizaji, msichana mrefu, ambaye angeigiza mtangazaji wa zamani. Mkurugenzi aliwapokea barazani, akazungumza nao kwa sauti ya chini kwa muda, wote wakatikisa vichwa kwa masikitiko. Bi Karibu aliwaona kupitia dirisha la jikoni, akadhani wanazungumzia bei ya vifaa. Wanaume wakitikisa vichwa namna ile kwa kawaida ni bei.

"Mama, kanda za zamani hakuna hata moja?" mwongozaji alimuuliza alipoletewa chai.

"Hakuna, mwanangu. Kanda zilikuwa chache, hoteli nyingi. Jumatatu asubuhi mzee anapanda baiskeli anazikusanya hotelini, tunarekodi juu ya zile zile, jioni anazigawa tena. Nilikuwa najifuta mwenyewe kila wiki." Akacheka.

Mwongozaji hakucheka. Alimtazama Mkurugenzi, kisha akamwomba Bi Karibu, kama haitamuumiza, amweleze msichana jinsi mambo yalivyokuwa yakifanyika chumbani mle.

Kuumiza? Hakuna kitu kilichokuwa kimemfurahisha vile tangu apumzishwe. Alimshika msichana mkono akampeleka chumba cha kulala. Akamwonyesha godoro lilivyosimamishwa dirishani kuzuia kelele za barabara. Akalitoa sandukuni lile pazia la maua, limepauka lakini zima, akalitundika mwenyewe. Akamwonyesha jinsi ya kutabasamu kwanza, kabla ya neno, kwa sababu tabasamu likija nyuma ya neno mgeni anaona umelipwa.

"Halafu kabla ya yote, friji," alisema. "Kamera ile ilikuwa inasikia kila kitu. Nachomoa friji. Siku moja nikasahau kuirudisha, samaki wa wiki nzima wakaoza, tukala mboga na historia."

Msichana akatabasamu.

"Friji ikishanyamaza, nagonga ukuta. Hivi." Akagonga mara tatu kwa kifundo cha kidole. Upande wa pili mlio wa cherehani, uliokuwa ukienda tangu asubuhi, ukakatika ghafla. Msichana akashtuka. "Huyo ni jirani yangu, Mama Pindo. Anashona. Nikigonga anaacha, nikimaliza nagonga tena anaendelea. Miaka yote ile hakuwahi kuniuliza nitamaliza saa ngapi."

Akagonga tena, na cherehani ikaendelea.

Msichana alijaribu yale maneno ya karibu. Mara ya kwanza aliyasema kama tangazo la sabuni. Bi Karibu akamrekebisha kwa upole, polepole, mpaka sauti ikakaa. Mara ya mwisho msichana alimaliza, akageuka, akamkumbatia Bi Karibu huku machozi yanamtoka. Bi Karibu akampapasa mgongo, akajiambia hawa watoto wa sanaa mioyo yao ni laini kama mkate wa leo.

Walipoanza kurekodi, mwongozaji alimwita kwa adabu. "Mama, samahani, kivuli chako kinaingia kwenye picha."

"Nisimame wapi?"

"Labda jikoni, mama."

Akaenda jikoni kwake. Alichomoa friji yeye mwenyewe, maana wenzake walikuwa hawajui swichi ilipo, akasimama pale amejishika mikono, akisikiliza sauti yake ikitoka kwenye koo la mtu mwingine.

Siku ya ukumbi ilipokaribia, Mkurugenzi alikuja na habari kwamba kadi za mwaliko ni chache.

"Chache vipi? Mimi si mgeni."

"Ni watu wa biashara tu, mama. Utachoka bure. Filamu yenyewe utaiona hapa nyumbani, umekaa, miguu juu."

"Na binti?"

"Binti atakuwa kazini. Yeye ndiye aliyeihariri filamu, lazima awepo."

Binti yao alikuwa pale mezani anakula. Aliinua kikombe cha maji akanywa muda mrefu kuliko kiu inavyohitaji. Mama yake akaliona hilo, akalipuuza. Mama hupuuza mengi, wakati mwingine mengi mno.

Mama Pindo ndiye aliyekataa. Alikuja na gauni jipya mkononi, la kijani, kola imesimama. Alikuwa amelishona bila kuagizwa.

"Kadi ya nini?" alisema. "Nyumba umeijenga mwenyewe, leo unaombwa kadi mlangoni? Vaa hili."

"Mzee amesema nitachoka."

"Mzee wako anakuonea huruma sana wiki hii. Mimi mume wangu, Mungu amrehemu, akinionea huruma nilikuwa naanza kutafuta kilichovunjika. Vaa, twende. Tutapita kwa wapishi."

Na kweli walipita kwa wapishi. Hoteli ile Bi Karibu alikuwa akiijua tangu ina ghorofa moja, na watandikaji vitanda, waosha vyombo na wapishi wote walikuwa watu wake. Walimpisha, wakamsifia gauni, wakamsimamisha kwenye mlango wa jikoni unaofungukia nyuma ya ukumbi. Nyuma yake mafriji makubwa ya hoteli yalikuwa yakinguruma.

Filamu ikaanza. Alimwona Mkurugenzi akiendesha baiskeli mpya iliyopakwa matope ili ionekane ya zamani. Alikiona chumba chake, godoro lake, pazia lake. Akamwona msichana amekaa mbele ya pazia, anatabasamu kwanza, kisha anasema, "Karibu mgeni wetu. Umefika." Ukumbi ukapumua. Bi Karibu akamfinya Mama Pindo mkono. Alikuwa analia kwa furaha. Sasa zamu yake ilikuwa inakuja, aliijua, akaiweka sawa kola.

Kisha picha ya msichana ikabaki imeganda, ikafifia ikawa kijivu, na sauti ya Mkurugenzi ikasema kwamba mtangazaji wa kwanza wa kituo hiki, mke wake mpenzi, hakujaaliwa kuiona siku hii. Alitangulia mbele ya haki. Lakini sauti yake itaishi.

Bi Karibu aligeuka nyuma, kama mtu anayetafuta ni nani huyo aliyesemwa.

Taa zikawashwa. Mama mnunuzi akapanda jukwaani, mwanamke wa makamo, amevaa kwa heshima. Akaeleza kwamba miaka mingi iliyopita alikuja mji ule kwa mapumziko, akaugua siku aliyofika, akalala chumbani likizo yote. Hakuona ufuko wala soko. Alichokiona ni televisheni tu. Mume alikuwa ametoka kumwacha, simu haikulia, na katika chumba kile hakuna aliyemwambia neno jema isipokuwa mama wa pazia la maua.

"Watu wananiuliza kwa nini nanunua kituo kidogo hivi," alisema. "Nilikuja kwa ajili ya sauti ile. Nilikuja na kazi yake mkononi, arudi hewani, aseme na wagonjwa wengine kama mimi. Nimechelewa. Naomba tusimame dakika moja, tumkumbuke."

Ukumbi mzima ukasimama. Mbele kabisa Mkurugenzi aliinamisha kichwa, akatoa leso akajifuta macho. Leso hiyo Bi Karibu ndiye aliyeipiga pasi. Pembeni yake binti yao alisimama akitazama viatu vyake.

Na kule mlangoni wapishi walimtazama Bi Karibu. Walimtazama wote, sinia mikononi, na hakuna aliyesema kitu, kwa sababu kila mmoja ana kibarua chake na watoto wake. Mkurugenzi alikuwa amelihesabia hilo. Aliyedanganywa anatoka mbali, na walio karibu wana matumbo. Mimi wapishi siwalaumu. Nina wengine wa kuwalaumu.

Alitaka kusema. Alifungua kinywa. Lakini mafriji yalikuwa yananguruma nyuma yake, na sauti yake haikuwahi kuanza kazi penye kelele. Akasimama wima, mikono imenyooka ubavuni, akamaliza dakika yake yote pamoja na wenzake.

"Twende nyumbani," Mama Pindo alimnong'oneza.

"Ngoja wakae," alisema Bi Karibu. "Si adabu kuondoka watu wamesimama."

Usiku ule Mkurugenzi alilala hotelini na wageni wake. Alirudi asubuhi, kijasho kinamtoka, mkononi ameshika boksi la keki iliyobaki. Alimkuta mkewe mezani, amevaa gauni la kijani.

"Umependeza," alisema. "La lini hilo?"

"La jana."

Hakusikia. Mtu mwenye haraka husikia anachokitaka. Akaketi, akainuka tena. "Mama, nina ombi dogo. Yule mnunuzi anataka kufika hapa nyumbani. Yuko njiani. Sasa katika mambo haya ya biashara kuna kuelewana vibaya kidogo kumetokea. Akija, wewe sema ni mdogo wake."

"Mdogo wake nani?"

"Wa... wa yule mtangazaji."

"Marehemu."

Mkurugenzi akaliweka boksi la keki mezani.

"Nilikuwepo," alisema Bi Karibu. "Nilisimama na ninyi. Nimejikumbuka vizuri tu, dakika nzima."

Upande wa pili wa ukuta cherehani ilikuwa ikienda.

"Lilinitoka," alisema mumewe. "Wallahi lilinitoka. Watu wa mnunuzi walikuja ofisini, nimewaandalia kila kitu, hesabu, mipango, ramani ya hoteli zote. Swali la kwanza, yule mama wa pazia la maua yuko wapi? La pili, bado ana sauti ile? La tatu, atakubali kurudi? Mimi nimekaa pale kama mlinda mlango. Ni nani aliyepanda baiskeli ile? Mvua yangu, jua langu. Hakuna hata mmoja aliyeuliza baiskeli iko wapi."

"Ukanizika kwa ajili ya baiskeli."

"Nilisema tu hatunaye tena. Nilimaanisha hewani. Wakatoa pole, nikashindwa kuirudisha. Na wapiga picha nikawaambia wewe ni mdogo wake, uchungu umekufanya ujione ni yeye."

"Pole unairudisha kwa neno moja. Ungesema, 'Yupo nyumbani, anakaanga samaki.'"

Mlango wa uani ukafunguliwa, binti akaingia na mkoba wa kazi. Aliona gauni, akaona keki, akajua.

"Na wewe ulijua," mama yake alisema. Hakuuliza.

"Baba alisema mkishauza atakueleza mwenyewe. Alisema utacheka."

"Ulipokuwa unahariri, mimi sikuonekana hata kidogo? Siku ile nilikuwa napita na chai."

Binti alijaribu kumtazama akashindwa. "Mkono wako ulionekana. Unampa yule msichana kikombe."

"Ukaufanyaje?"

"Nikaukata, mama."

Hapo ndipo Bi Karibu alipolia. Kwa mumewe hakutoa chozi, lakini kwa ule mkono alilia, maana mkono ule ndio uliomwogesha huyu aliyeukata. Alilia kidogo, akajifuta kwa kiganja, akainuka. Nje gari lilikuwa limesimama. Mlango wa gari ukafungwa taratibu, kama watu wafungavyo wanapofika msibani.

"Nusu saa tu," mumewe alisema. Sasa alikuwa anaomba kweli. "Useme mdogo wake. Ukisema vingine biashara imekufa, na mimi nimeaibika mji mzima. Nusu saa, mke wangu. Baada ya hapo nitakufanyia chochote."

"Mke wako ametangulia," alisema. "Mfiwa, kaa kwenye kiti."

Akaketi. Sijui kwa nini aliketi, labda ni mazoea ya kuambiwa na sauti ile mahali pa kukaa.

Hodi ikasikika mlangoni. Bi Karibu hakwenda mlangoni. Alikwenda jikoni, akachomoa friji. Ilitetemeka, ikanyamaza. Kisha akaenda ukutani, akagonga kwa kifundo cha kidole mara tatu, na cherehani ya Mama Pindo ikakatika. Nyumba ikawa kimya kama ilivyokuwa kila Jumatatu ya miaka ile. Binti, aliyekulia ndani ya kimya hicho akikatazwa hata kukohoa, akaziba mdomo kwa mkono.

Bi Karibu akaiweka sawa kola. Akatabasamu kwanza. Kisha akafungua mlango.

"Karibu mgeni wetu," alisema. "Umefika. Vua viatu, kaa, tukuonyeshe kwetu."

Mama mnunuzi alikuwa amesimama kizingitini na shada la maua meupe, utepe umeandikwa maneno ya kumuaga marehemu. Hakusogea. Alimtazama mwanamke aliyekuwa mbele yake, akatazama nyuma yake, akamwona Mkurugenzi kitini na kichwa chake mikononi. Kisha, bila kuuliza lolote, aliinama akaanza kufungua viatu.

"Na haya maua?" alisema akiwa bado ameinama.

Bi Karibu akanyoosha mikono yote miwili.

"Nipe," alisema. "Si ni yangu?"